Suruali ya Theluji ya Dada

Kitu chochote kikiandikwa "cha wanawake", mimi hukigeuza ndani nje kwanza. Tabia hii sikujifunzia Marekani. Mama yetu aliuza mitumba, na kazi yangu nikiwa mdogo ilikuwa kupokea nguo ikitoka kwenye belo, kuipindua, na kukagua makwapa, mapaja na pale zipu inapoanzia, kwa sababu huko ndiko nguo isikoweza kudanganya. Majaketi ya theluji yalikuja mengi. Hatukujua yalikuwa ya mchezo gani. Yalikuwa mazito, yenye rangi za kupiga kelele, na wanunuzi wake walikuwa walinzi wa usiku na watu wa kupeleka maziwa alfajiri. Mlinzi wa shule yetu alikuwa na moja la waridi lililombana kifuani, lenye maua begani, na hakuna aliyemcheka. Lilikuwa na joto, basi. Kwa hiyo siku nilipokuja kuambiwa, nikiwa mtu mzima, kwamba jaketi la theluji lina jinsia, nilitia shaka, na shaka hiyo haijaniisha vizuri mpaka leo.

Aliyeniambia alikuwa mwakilishi wa kampuni moja ya vifaa vya theluji. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nasoma chuo jioni, na mchana nafanya kazi kwenye duka la michezo Springfield. Nilikaa kwa dada yangu Temple Hills, ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka daraja la Potomac pamoja na nusu ya Maryland, na kila asubuhi nililaani magari. Dukani niliwekwa upande wa theluji kwa sababu, alivyosema meneja, nilikuwa mpole kwa wateja. Mimi nilidhani aliniweka pale kwa sababu mwanamke mweusi anayeuza vitu vya theluji ni kichekesho kinachovuta macho. Huenda nilimwonea. Huenda sikumwonea.

Mwaka huo tuliamriwa kuondoa rafu za nguo za mazoezi karibu na vyumba vya kujaribia na kutengeneza kona ya wanawake. Kabla ya hapo ule mchezo wa kuteleza juu ya ubao mmoja, unaosimamiwa kwa ubavu, ulikuwa wa vijana wa kiume tu. Mbao zao zilikaa ukuta wa nyuma, nyeusi, zimechorwa mafuvu na moto. Sasa zikaja mbao za bluu hafifu na zambarau, zenye maua, vipepeo na pomboo. Pomboo kwenye mlima! Yakaja na mabango. Niliyatazama sana yale mabango wakati wateja ni wachache. Kwenye mabango ya wanaume, kila mtu alikuwa hewani, miguu juu ya miti, uso haujulikani. Kwenye mabango ya wanawake, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka ardhini. Walikuwa wamesimama, nywele zimeachiwa, midomo imepakwa rangi, ubao wameushika mkononi kama mtu anayeshikia mwenzake mzigo.

Mwakilishi alikuja kutufundisha namna ya kuuza. Alikuwa mwanamke mchangamfu, uso umeungua na jua isipokuwa duara mbili za macho pale miwani ilipokuwa inakaa. Alituletea maandazi ya sukari. Akaeleza kwamba mambo haya yote yamebuniwa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Ubao ni mwembamba kwa sababu mguu wa mwanamke ni mdogo. Ni laini kidogo kwa sababu mwanamke ni mwepesi. Buti limebana kisigino na limepanuka juu kwa sababu msuli wa nyuma ya mguu wa mwanamke umekaa chini zaidi. Jaketi limekatwa fupi na kuingizwa kiunoni, alisema, "ili usionekane umevaa blanketi."

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, huyo mwanamke mwepesi aliyepimwa ni nani?

Akacheka. "Tulipima wengi."

"Mnene kuliko wote alikuwa kiasi gani?"

Akasema walipima wanawake wanaocheza mchezo huu. Na wanaocheza, nikawaza, si ndio wale ambao nguo za zamani ziliwaingia? Wamepima walioingia, kisha wakawashonea walioingia. Meneja akanitazama kwa jicho la kusema maandazi yanatosha, nikashusha mkono.

Lakini sikuacha. Alipoondoka nilichukua ubao mfupi kuliko wote kwenye kona mpya, nikaupeleka kwa fundi wetu wa kutengeneza mbao, nikamwomba ule wa watoto wa kiume wa mwaka uliotangulia. Tukaziweka juu ya meza, mmoja juu ya mwingine. Urefu ule ule, upana ule ule, matundu ya vifungo mahali pale pale. Tofauti ilikuwa vipepeo. Fundi akainua mabega tu, akaendelea kupaka nta. Mimi nilitembea siku nzima nimenuna. Nyumbani tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapa gunia lenyewe lilikuwa limepambwa maua.

Kilichonikera zaidi ni yale mabuti. Nilipoyajaribu nikiwa na nia ya kuyaumbua, kisigino changu kiliingia na kutulia, hakikupanda hata nilipochuchumaa. Yale ya wanaume yalikuwa yanacheza mguuni. Kwa hiyo si kila kitu kilikuwa uongo. Ingekuwa rahisi kwangu kama kingekuwa uongo chote. Sasa ilibidi nipepete, na sikuwa na ungo.

Kuna jambo moja jingine mwakilishi alilolisema mwishoni, akiwa tayari ameshika funguo za gari. Tusiwaruhusu wateja kupeleka suruali hizi kwa fundi cherehani. Ndani ya kila mshono kuna utepe uliobandikwa kuzuia maji, na sindano ikipita, maji yanapita. Nikacheka kimoyomoyo. Naam, kampuni gani itapenda uende kwa fundi? Kwetu nguo ya dukani ni kazi iliyoanzwa tu, fundi ndiye anayeimaliza. Hakuna mwanamke wa rika la mama yangu aliyewahi kuvaa gauni jipya bila kwanza mtu kulipunguza hapa na kuliongeza pale.

Dada yangu ni kifungua mimba wetu. Yeye ndiye aliyetangulia Marekani, yeye ndiye aliyenileta, na kabla ya hapo, baba alipoanza kunywa, yeye ndiye aliyekuwa akitoka kwenda kumchukua barabarani na kumpitisha mlango wa nyuma ili sisi wadogo tusione. Tuliona, lakini hatukumwambia. Miaka hiyo alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja upande wa Upper Marlboro. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwabadilisha. Alikuwa mwanamke wa mwili, nyonga hasa, na alitembea akijua hivyo.

Wenzake wa zamu walikuwa na desturi ya kwenda mlimani Pennsylvania kila Februari, Jumamosi moja. Miaka yote hawakumwalika. Si kwa ubaya, alisema dada, walidhani tu hatapenda. Mwaka huo walipokuwa wakipanga safari kwenye chumba cha chai, msimamizi wa zamu, mama mmoja mweusi mzaliwa wa Washington mwenye sauti ya kuhubiri, akamwambia, "Wewe najua haya hayakufai, mtoto wa jua." Dada akaweka kikombe chini.

Alinisimulia akiwa bado amevaa koti, amesimama mlangoni, theluji inayeyuka kwenye zulia.

"Nikamwambia, jua gani? Kwetu asubuhi ni baridi mpaka ng'ombe anatoa moshi. Nikawaambia nita-come, na nitasimama kwa hiyo board, mbele yao wote. Nime-promise."

"Kwa nini ume-promise?"

"Kwa sababu theluji ya hii nchi naijua kwa koleo tu. Kila saa ni kuchimbua gari ndio niende kazi. Na mimi pia nataka kuichezea." Akavua kiatu kimoja. "Si wewe unauza hizo vitu? Nivalishe vizuri. Sitaki kuonekana kama gunia mbele ya hao watu. Hiyo tu ndiyo naomba."

Nikamwambia wanataka kichekesho. Nikamwambia msimamizi kama yule anakualika ili apate hadithi ya kusimulia mpaka Pasaka. Dada akanijibu kwamba mimi ningeshuku hata maji ya ubatizo. Akaenda kuosha mikono.

Basi Jumamosi iliyofuata akaja dukani. Nikampeleka kwenye kona yetu ya maua, nikampa saizi kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Jaketi lilifungwa mpaka kifuani, likagoma. Suruali ilipanda mpaka katikati ya paja, ikagoma. Nilikuwa naye ndani ya kile chumba cha kujaribia, mimi nimepiga magoti nikivuta, yeye ameshikilia ukuta, tunacheka kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Ndipo msichana niliyekuwa nafanya naye kazi akauliza kwa sauti kutoka nje kama tungependa atuletee za wanaume.

Kicheko kikakatika. Dada akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, akijigusa makalio, "Kwani wanawake wao hawana haga?"

Nilikasirika sana. Nilimkumbuka yule mwakilishi na wanawake wake wengi waliopimwa. Dada yangu alikuwa mwanamke kuliko wanawake wote wa kwenye mabango, alikuwa amezaa, amelea asiowazaa, amebeba wazee mgongoni, na duka langu lilikuwa linamwambia kwamba kona ya wanawake si yake. Nilitaka kuyachana yale mabango. Badala yake nilitoka nikaleta suruali ya wanaume, ya kijivu hafifu, na jaketi jeusi la wanaume. Mabuti tulichukua ya wanawake, yakamkaa sawasawa. Suruali ikapita nyonga bila shida, lakini kiunoni ilisimama mbali naye, ungeweza kuingiza sufuria ya ugali. Na akiiachia, ilishuka.

"Hii ni ya fundi," akasema dada, na uso wake ukachangamka tena. Hata mimi nilichangamka.

Fundi wetu alikuwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akishonea watu sebuleni kwake, jengo la pili kutoka letu pale Temple Hills. Nusu ya wanawake wa Kiafrika wa mtaa ule, wa kanisani na wa msikitini, walikuwa wamepita kwenye mikono yake. Alimzungusha dada mara mbili, akabana kiuno kwa pini, akachutama kutazama nyuma.

"Hii pantalon ni ya bwanaume, dada. Njo maana ku kiuno inakuachia. Mwenye aliikata hakuwaza mwanamuke."

Akaipindua ndani nje, jambo lililonifanya nimpende zaidi, akakuta ule utepe mwembamba unaong'aa juu ya mishono. Akauinua kwa ukucha. Nikawaambia wote wawili alivyosema mwakilishi, kwamba sindano ikipita maji yanapita.

"Hiyo ni sales talk," akasema dada.

"Ba-commerçant, benye maduka, ni bamoja tu," akasema fundi, huku anauvuta utepe kama anayemenya ngozi ya muwa. "Banapenda ununue ingine. Hii ni colle, mama, gundi. Colle tu."

Tukacheka, sote watatu, na nadhani mimi ndiye niliyecheka kwa sauti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule mwakilishi alikuwa amejitembeza mpaka Springfield. Fundi akafumua mshono wa nyuma kuanzia kiunoni mpaka chini kabisa, akaukata upya kufuata mwili, akashona mara mbili kwa uzi mzuri, akafanya vivyo hivyo ubavuni. Nilipoiona suruali ile mwilini mwa dada nilisahau ugomvi wangu na dunia. Ilikuwa imemkaa. Alijigeuza mbele ya kioo cha fundi, akajipapasa nyonga, akajitazama tena kwa upande. Tuliporudi nyumbani alipika nayo, akala nayo, na kila nilipopita jikoni aliniuliza kama inamvuta popote.

Tuliendesha kwenda mlimani asubuhi, dada na mimi, tukawakuta wenzake maegeshoni wakivaa mabuti wameketi kwenye milango ya magari. Walikuwa watatu. Msimamizi wa zamu alikuwa ndani ya jaketi la mumewe linalofika karibu na magoti. Mwenzake, mwuguzi kijana wa kizungu, alikuwa na lile fupi la kiunoni la kampuni yetu, la zambarau. Wa tatu, mwanamke mtulivu kutoka Ufilipino, hakuwa na nia ya kuteleza popote, alikuja na chupa ya chai na kamera. Kamera ile niliiwekea alama.

Walipomwona dada walipiga miluzi. "Umependeza kutushinda sote," akasema msimamizi, na mimi nikaipima sauti yake. Ilikuwa nene na ya furaha. Nikaendelea kuipima.

Mwanzo dada alikaa chini zaidi kuliko alivyosimama. Ndivyo mchezo ule ulivyo kwa anayeanza, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, huna pa kukimbilia. Unainuka, unaanguka kwa makalio, unasukuma theluji kwa mikono, unainuka, unaanguka tena. Mwalimu wa pale alimshika vidole vya mikono akarudi kinyumenyume mbele yake. Mimi nilisimama kando ya uzio kwa buti zangu za kawaida nikiwachunga wale watatu. Dada alipoanguka, niliangalia kama wanatazamana. Mwuguzi kijana alipocheka, niliangalia alicheka mpaka wapi. Mama wa kamera alipoinua kamera yake, nikasogea.

Halafu mwalimu akamwachia. Dada alikuwa ameinama, mikono imetanuka, mdomo wazi, akaja akishuka taratibu mwendo wa kama kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni, peke yake, wima. Akapiga kelele kwa lugha ya nyumbani, neno ambalo wachungaji hupiga wakimrudisha ng'ombe. Kisha akaanguka, lakini kuanguka huko hakukuhesabika. Wenzake walirukaruka, wakamwangukia, wakamvuta. Machozi yalinitoka bila kunitaarifu. Alikuwa amesimama, mbele yao wote.

Aliendelea hivyo asubuhi nzima. Hakukubali kupumzika. Tulipomshawishi aje kula, alikuwa akitetemeka kidogo na kucheka, anasema hasikii miguu.

Kule ndani kwenye ukumbi wa chakula kulikuwa na moto mkubwa na watu wengi. Dada akavua jaketi, akalitundika kwenye kiti, akachukua sinia akaenda kupanga foleni ya supu. Mimi nilibaki mezani nikimsikiliza msimamizi akisimulia jinsi dada alivyoanguka mara ya kwanza, nikitafuta kwenye maneno yake ile chembe ya dhihaka. Ndipo nikaona meza ya vijana upande wa pili wanagusana viwiko. Nikafuata macho yao.

Ile suruali ilikuwa kijivu hafifu. Kuanzia kiunoni mpaka chini katikati ya miguu, kufuata kabisa mshono wa fundi, kulikuwa na doa pana la maji, jeusi, limeenea mapajani mpaka karibu na magoti. Alikuwa amekaa kwenye theluji tangu asubuhi, na kila tundu la sindano lilikuwa limekunywa. Nilielewa pale pale. Katika yote aliyotuambia yule mwanamke, na pomboo wake na wanawake wake waliopimwa, hili moja lilikuwa kweli, na hili ndilo tuliloamua ni uongo.

Dada hakujua bado. Baridi ilikuwa imemtia ganzi. Aligeuka na sinia lake la supu, akaona nyuso, akaona zinatazama wapi, akapeleka mkono mmoja nyuma. Akasimama palepale. Sijawahi kumwona dada yangu asijue la kufanya, nikiwa mtoto wala mtu mzima, isipokuwa dakika ile. Kwa mtu wa kazi yake doa kama lile lina maana moja tu. Alikuwa akiliona kila siku kwenye nguo za watu wengine, yeye akiwa amesimama upande wa pili.

Nilikuwa na leso, ile kanga ya kujifunga, kwenye mkoba wangu. Nani kwetu husafiri bila leso? Nikaingiza mkono, nikaanza kuitafuta chini ya glavu na sandwichi.

Wenzake walikuwa wamekwisha kuinuka. Hawakukimbia. Msimamizi alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua chumvi, akapita nyuma ya dada, akamshika kiwiko. Mwuguzi kijana akavua lile jaketi lake la zambarau, akalizungusha kiunoni mwa dada, lakini halikufunika kitu, pindo lake liliishia pale doa lilipoanza kutanuka. "Si hilo," akasema msimamizi kwa sauti ya chini, akavua la mumewe, akalifunga mikono mbele, likaning'inia mpaka magotini. Wa tatu alikuwa ameshapokea sinia. Na wakati huo wote walikuwa wanazungumza. Walizungumza habari za supu, kama ni ya kuku au ya maharage, kama imetiwa pilipili. Wakamweka dada katikati, wakaenda naye chooni kwa mwendo wake yeye, huku wakibishana kuhusu supu.

Nilifika chooni na leso yangu mkononi. Dada aliipokea akajifunga, akavua suruali, msimamizi akachuchumaa chini ya kile kikausha mikono cha ukutani akiwa ameitanua. Akaipindua ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani amekata hapa?"

"Fundi wangu," akasema dada. "Ni fundi mzuri sana."

"Naona," akasema msimamizi. "Ameshona kuliko wao. Lakini amekutoboa, mpenzi wangu." Na dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishikilia kwenye sinki, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nikiwatazama kwenye kioo. Mama wa kamera akaenda garini akarudi na utepe ule mpana wa rangi ya fedha wa kufungia mabomba. Wakaubandika ndani na nje, juu mpaka chini. Dada akavaa suruali yake yenye mkia wa fedha, akarudi mlimani, akasimama tena mara kadhaa kabla ya giza. Katika picha za siku ile hakuna hata moja iliyopigwa kutoka nyuma. Nilizikagua zote zilipotoka.

Njiani kurudi mimi ndiye niliyeshika usukani. Dada alikuwa amejifunika leso, miguu juu ya kiti, kipasha joto kinamvumia usoni. Nikaanza. Nikasema wale vijana wa meza ile nyingine hawakufunzwa. Nikasema yule mwakilishi akija tena dukani nitamwuliza kwa nini suruali ya mwanamke wa kweli lazima itobolewe ndipo imkae. Nikasema msimamizi wake ni mzuri leo, lakini dada angoje Jumatatu, aone kama hadithi haitakuwa imefika kwa wapishi.

"Nyamaza kidogo," akasema dada.

Tulikuwa tumeshaingia Maryland, barabara imekauka.

"Unajua ni mara ngapi nimefanya vile?" akasema. "Kushika mtu kiwiko. Kutembea nyuma yake. Kuongea story ya chakula ndio asione aibu. Wazee wa watu. Kabla yao, baba. Nyinyi wote." Alikuwa analia, bila kelele. "Mimi ni wa kwanza. Nimesitiri watu tangu nikiwa na miaka tisa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunisitiri mimi."

"Nilikuwa nakuja," nikasema. "Nilikuwa na leso."

"Najua," akasema dada yangu. "Lakini ulikuwa unawaangalia wao."